Monte Cristo niliyouziwa Kampala bila kurasa za baharini

Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Kuna duka la vitabu katikati ya Kampala, jina nalihifadhi, ambalo liliniuzia The Count of Monte Cristo ya Alexandre Dumas kwa shilingi 60,000. Kitabu kimefungwa nailoni, kinang'aa, kinene kama tofali. Ndani yake kurasa 16 hazimo. Hazikuchanwa. Huko kiwandani walirudia kurasa 16 za nyuma wakazibandika mahali pa zile zinazofuata. Kwa hiyo unasoma Abbé Faria, padri mzee mfungwa, anafariki gerezani, Edmond Dantès, baharia kijana aliyefungwa bila kosa, anautoa mwili wa mzee kwenye gunia la maiti, anaingia yeye, anajishona kutoka ndani, kisu mkononi. Unafungua ukurasa kwa pupa, na Faria yu hai, amekaa, anamfundisha Dantès hesabu!

Wanaoijua riwaya hii wanaelewa nimeibiwa nini. Pale ndipo askari wanapolibeba gunia wakidhani ni maiti. Dantès anangoja kuzikwa ardhini ili ajifukue. Hajui kwamba gereza la Château d'If halina makaburi, bahari ndiyo kaburi lake. Wanamfunga chuma cha mzinga miguuni, wanambembea, wanamtupa kutoka juu. Miaka 14 ya shimo inaishia kwenye kurasa hizo, nami nikauziwa kitabu kisicho nazo.

Na sikuwa nasoma peke yangu. Nina kibanda cha kutuma pesa kwa simu hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, karibu na yadi ya matrela. Foleni ikikwama madereva hulala hapa, na jioni wakishakula wanakaa kwenye mabenchi yangu. Nilianza kuwasimulia The Three Musketeers ya Dumas huyohuyo, nasoma kwa Kiingereza mchana, usiku nawapa kwa Kiswahili. Niliwapa ile sehemu ya Athos na wenzake kwenye vita vya La Rochelle, wanaenda kula kiamsha kinywa ndani ya ngome iliyobomoka mbele ya bunduki za adui kwa sababu tu wamewekeana dau na wanatafuta mahali pa kuongea siri. Leso ya chakula wameitundika ndiyo bendera, risasi zinaitoboa, wao wanakula. Madereva walipiga meza. Kijana mmoja, taniboi wa trela la saruji, alinifuata asubuhi akaniuliza kama d'Artagnan, shujaa wa kitabu hicho, aliishi kweli. Nikamwambia ndiyo, alikuwepo, alikufa vitani Maastricht mwaka 1673, ila Dumas alimsogeza miaka nyuma ili awahi vita anavyovitaka yeye. Akasema hata babu yake hufanya hivyo akisimulia.

Ndiyo maana nasema Dumas ni mwandishi wa kusimuliwa. Monte Cristo ilitoka kwa vipande gazetini Paris, kati ya 1844 na 1846, na bado unaziona alama zake: kila kipande kinakatika pale ambapo huwezi kulala. Alikuwa na msaidizi wake, Auguste Maquet, wa kupanga visa na kuchimbua historia, na wapo wanaomsema Dumas kwa hilo. Mimi halinisumbui. Msomaji wa gazeti alingoja kesho, na madereva wangu nao wakawa wananingoja. Mmoja aliyekwisha kupata karatasi zake za forodha alikataa kuondoka mpaka ajue barua ya kumchongea Dantès imeandikwa na nani. Nilipomwambia ni Danglars, mwenzake wa melini mwenye wivu, na kwamba aliiandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane, alitukana kana kwamba Danglars ni bosi wake.

Sasa fikiria usiku ule wa gunia. Kwamba anatupwa baharini na chuma miguuni nilikuwa nimesikia tu, nikawapa hivyo; anavyoibuka sikujua. Mzee mmoja wa Likoni, dereva wa siku nyingi anayeheshimiwa yadi nzima, alininyooshea kidole. "Dada, mimi bahari naijua. Mtu kafungwa chuma miguuni, yumo ndani ya gunia, anaibukaje? Hapo huyo mwandishi wako katudanganya, au wewe umeruka?" Sikuwa na jibu, maana jibu lilikuwa kwenye kurasa ambazo sijauziwa. Mzee akasema basi tungoje, akaenda kulala kwenye kichwa cha gari. Alfajiri alivuka kwenda Kigali.

Nikapanda taksi kwenda Kampala na kitabu kwenye mfuko, risiti ndani yake. Tororo, Iganga, Jinja, foleni ya Mukono, jua la mchana, sitaeleza. Nafika dukani, kijana wa kaunta anachezea simu. Namsalimu, haitiki. Namfungulia kitabu, namwonyesha namba za kurasa zinavyorudi nyuma. Akatazama kwa jicho moja. "Mama, kitabu si nyanya, hakirudishwi. Ukishafungua nailoni umenunua." Nikamuuliza, bila kufungua nailoni ningejuaje? Akasema, "Kwani unakosa nini? Kurasa kumi na sita kwenye kitabu chote hiki? Ruka tu." Ruka tu! Muuza vitabu anamwambia msomaji aruke! Halafu akamgeukia mwenzake na kumwambia, kwa sauti ya kunisikilizisha, kwamba vitabu hivi vya wazungu wa zamani hakuna anayevisoma, watu wananunua kupamba sebule.

Hilo ndilo lililonichoma kuliko pesa. Kijana anauza kitabu na hamjui aliyekiandika. Bibi yake Dumas, mama wa baba yake, alikuwa mwanamke mweusi aliyeitwa Marie-Cessette, mtumwa katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti. Mwanawe akawa jenerali katika jeshi la Ufaransa, akaenda na Napoleon hadi Misri, wakakosana. Safari ya kurudi meli yake ikaharibika, akakamatwa kusini mwa Italia na kutiwa gerezani kuanzia 1799 hadi 1801. Alitoka afya imekwisha, akafa 1806, Alexandre akiwa mtoto wa miaka 3. Kwa hiyo mtu akiniambia Dantès ni hadithi ya kubuni ya kupamba sebule, damu inanichemka. Ufaransa yenyewe ilichelewa mpaka 2002 ndipo ikayahamishia mabaki ya Dumas mwandishi Panthéon, wanakozikwa watukufu wao. Nilimweleza yule kijana haya yote pale kaunta, wateja wakisikiliza. Mama mmoja aliyekuja kununua madaftari aliniambia, "Waambie, mwanangu." Kijana akarudi kwenye simu yake. Meneja hayupo, akasema. Meneja atakuja lini? Hajui.

Nilirudi Malaba na kitabu kilekile. Aliyeniokoa ni dada wa steshenari ya hapa mpakani. Dumas alifariki 1870, kazi zake hazina tena hakimiliki, zimo kwenye intaneti bure kwa tafsiri za zamani. Akanitafutia sura mbili ninazozikosa, akachapa, akazikata zilingane na kitabu na kuzibandika kwa gundi. Maandishi yake ni makubwa kidogo na karatasi ni nyeupe kuliko nyingine, lakini zimo. Na jibu la mzee limo: Dantès anapasua gunia kwa kile kisu, chuma bado kinamvuta chini, anajikunja na kukata kamba ya miguuni pumzi ikiwa inamwishia, ndipo anaibuka. Nikamtumia mzee kwa sauti kwenye simu. Alijibu kutoka barabara ya Kigali kwamba hapo amekubali, mwenye kisu anaweza, ila aulizwe alivyoogelea usiku kwenye dhoruba baada ya miaka yote hiyo bila mazoezi. Na hapo, kusema kweli, mzee ana hoja.

Kitabu chenyewe basi? Nilitaka kusema hakina dosari. Kinayo. Dantès akishakuwa tajiri, tukifika Roma, kanivali na majambazi wa Luigi Vampa vinachukua kurasa nyingi mno, na benchi langu lilipungua watu siku hizo. Kisasi nacho kinafika mahali kinaumiza mtoto asiye na kosa, mwana mdogo wa Villefort, mwendesha mashtaka aliyemfunga Dantès, na dereva mmoja wa Busia mwenye watoto wa umri ule aliniambia nisimsimulie zaidi. Alirudi kesho yake kuuliza kama Dantès alijuta. Kitabu kinachomrudisha mtu hivyo nakipa nyota zote, na Roma yake naisamehe yote.

Duka je? Nilikuja hapa kusema msikanyage. Lakini kwingine kote nilikouliza Kampala wananipa toleo jembamba la shule, lililofupishwa mpaka Noirtier, mzee aliyepooza anayezungumza kwa kope, amebaki mistari michache. Wale angalau wanaleta kitabu kizima, au kinachopaswa kuwa kizima. Basi nendeni, lakini mwambieni muuzaji aikate nailoni mbele yenu kabla hamjatoa shilingi, mpekue namba za kurasa kuanzia kifo cha Faria. Akikataa, ondokeni. Na yule kijana kama anasoma hapa, risiti yangu ninayo, na meneja wako bado namtafuta.