Hoteli ya ghorofani karibu na Jam Street, Eastleigh, Nairobi: nyota nne

Panda matatu namba 6 au 9, ushuke Eastleigh, halafu uulize hoteli iliyo juu ya maduka ya mapazia. Bango haina. Mimi hufuata vitambaa vya duka langu la Machakos huku, na aliyenipeleka mara ya kwanza ni dada mmoja Msomali anayenikopesha mali tangu siku nina cherehani moja tu.

Kabla hujaagiza, supu ya mbuzi ishafika, na hailipiwi. Kamulia ndimu, tia basbaas, ile pilipili ya Kisomali, kidogo. Nimesema kidogo! Kisha agiza bariis: wali wa punje ndefu wenye zabibu kavu, na mguu wa mbuzi ulioiva hadi mfupa unachomoka wenyewe. Ndizi mbivu huletwa pembeni, na huliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge. Mtu mmoja hamalizi sahani ile. Chai ya maziwa ya ngamia bado inanishinda. Ijumaa mchana usiende: foleni inafika ngazini.

Wanaokula hapa hukaa sana, ndiyo maana siasa haziishi. Dada yangu huyo alizaliwa Dadaab, kambi iliyoanza 1991, lakini Katiba ya 2010 humpa mtoto uraia kwa kumtazama mzazi, si mahali alipozaliwa. Kwa hiyo anatembea na kadi ya mkimbizi, na kutoka kambini kunahitaji kibali. Aprili 2014, polisi walipopekua mtaa huu wakisaka magaidi na wasio na vibali, na watu kujazwa uwanja wa Kasarani, duka lake lilifungwa, nami Machakos nikakosa cha kushona. Mwaka uliofuata watu 148 waliuawa na al-Shabaab Chuo Kikuu cha Garissa. Hayo mawili tumeyabishania mezani hapa mpaka mhudumu akaja kutuuliza kama chakula kina kasoro.

Mimi nasema serikali ina haki ya kujua nani anaingia. Yeye anasema hivyo hivyo, tena kwa sauti kunishinda: "Waniandike, wanitoze kodi, lakini waniache nifanye kazi." Sioni la kumjibu. Mpaka ulindwe, ila kumfungia kambini mtu anayeweza kulipa kodi ni hasara yetu sote. Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, wa kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma ziwe miji, mimi naupenda. Yeye hauamini: mji usio na kitambulisho, anasema, ni kambi iliyowekewa taa za barabarani.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya ngazi zenye giza na maji ya kunawa yanayokatikakatika. Wanasiasa wanaopita Machakos kuomba kura nimeshaanza kuwauliza habari ya vibali vya kazi kwa wakimbizi. Mpaka sasa wananijibu habari ya lami.