TAHADHARI: Kiendelezi ulichokiweka zamani huenda kimeshauzwa

Wakuu, kama unatengeneza tovuti na kivinjari chako kimejaa viendelezi, yaani programu ndogo unazoziongeza ndani yake kurahisisha kazi, soma hapa kabla hujaingia tena kwenye akaunti ya mteja.

Nimepoteza siku mbili nzima nikisaka kosa ambalo halikuwa langu. Ukurasa wa malipo niliokuwa nautengeneza ulikuwa unaruka: kama sekunde moja baada ya kufunguka, kitufe cha kuthibitisha kinashuka chini kidogo, na viungo vya kwenda nje vinaota mkia wa herufi ambazo sikuziandika. Kwenye Firefox, shwari. Kwenye Chrome, balaa. Nani kati yetu asingesema ni zile tofauti za vivinjari tulizozizoea? Nikaiandika upya CSS, ule msimbo wa kupanga mwonekano wa ukurasa, nikamwomba mteja avumilie. Jioni ya siku ya pili nikaufungua ukurasa uleule, Chrome ileile, lakini kwa hali fiche (incognito). Ukatulia tuli. Mwili ulinisisimka, kwa sababu kwenye hali fiche viendelezi havifanyi kazi mpaka uviruhusu mwenyewe.

Nikarudi dirisha la kawaida, nikafungua zana za msanidi, kichupo cha Network, nikatazama safu ya Initiator, ile inayokuonyesha ni nani aliyeliita kila faili. Kulikuwa na skripti kutoka kikoa (anwani ya tovuti) nisichokijua, na aliyeiita anaanza na chrome-extension://, kisha herufi 32 za kitambulisho. Nikazilinganisha na zilizo kwenye chrome://extensions. Kumbe ni kiendelezi cha kupanga JSON, muundo wa maandishi ambao programu hupashana data, isomeke, nilichokiweka miaka minne iliyopita nikakisahau. Kwenye duka la viendelezi la Chrome, jina la mwenye nacho si lile la zamani. Kimeuzwa, na hakuna aliyetuarifu.

Jina silitaji, kwa kuwa limeshabadilishwa na linaweza kubadilishwa tena kesho. Nimeripoti dukani. Shikeni dalili zake.

Kinachouzwa pale si msimbo. Msimbo wa kupanga JSON ni wa mchana mmoja. Kinachouzwa ni ile ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote, uliyoibonyeza mara moja bila kuwaza. Masasisho hushuka kimyakimya. Chrome hukizima kiendelezi na kukuuliza upya pale tu sasisho linapodai ruhusa kubwa kuliko za mwanzo; kilichokwisha kupewa tovuti zote hakina la kuomba tena. Na sisi ndio windo nono, maana mchana kutwa tumeingia kwenye seva za watu, paneli za wateja na hifadhi za msimbo.

Si mara ya kwanza. The Great Suspender, kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, kilibadilisha mikono mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na msimbo hasidi. Kiendelezi cha Web Developer chenyewe, kipenzi cha wengi wetu, Agosti 2017 kilitekwa baada ya mtengenezaji wake kunaswa na barua pepe ya hadaa, toleo 0.4.9 likaanza kumwaga matangazo kwenye kurasa za watu. Yule bwana hakuuza kitu, na alitoa toleo safi haraka.

Lililoniuma zaidi ni la polyfill.io. Ni huduma ya skripti tuliyoiweka kwenye tovuti zetu ili vivinjari vikongwe vipate vipengele visivyo navyo. Februari 2024 kikoa kikanunuliwa, na Juni mwaka huohuo ikabainika kinapenyeza msimbo kwenye tovuti zaidi ya 100,000, kikiwapeleka wenye simu kwenye kamari kupitia anwani iliyoandikwa googie-anaiytics. Hebu isome tena hiyo anwani, herufi kwa herufi: inajifanya google-analytics. Hata alama ya integrity, inayokifanya kivinjari kikatae faili lililobadilishwa, isingetuokoa, kwa sababu huduma ile ilimpa kila kivinjari faili tofauti, na alama hudai faili moja isiyobadilika.

Basi leo hii fungua orodha ya viendelezi vyako. Kile usichokumbuka ulikiweka lini, kiondoe, kukizima hakutoshi. Vinavyobaki, viwekee kufikia tovuti pale tu unapobofya. Tengeneza wasifu mwingine wa kivinjari kwa ajili ya kazi za wateja, usio na kiendelezi hata kimoja. JSON yenyewe Firefox huipanga bila msaada, na kuchagua rangi au kuigiza skrini ya simu vimo tayari ndani ya zana za msanidi. Skripti za vikoa vya watu wengine, nakili faili uiweke kwenye seva yako.

Na ukikuta kiendelezi chako kimebadilisha mmiliki, usiishie kukiondoa. Toka kwenye akaunti zote ili vidakuzi vya zamani, vinavyokumbuka kuwa umeingia, vife, badilisha manenosiri, futa tokeni za API, zile funguo ambazo programu hutumia kuingia kwenye huduma, utoe mpya. Kisha mpigie mteja umweleze. Mimi nimempigia wangu leo asubuhi, na tokeni zake zote zimeshabadilishwa.