Kitabu cha ndugu wa wanyama darasa la kwanza, uzoefu wangu hapa Moshi

Walimu wenzangu wa la kwanza na la pili, hiki kitabu nimekitumia muhula mzima na nakikubali kwa moyo wote. Ni cha mtoto anayeanza kusoma, picha kubwa za kweli, sentensi mbili tatu kila ukurasa, kinahusu wanyama wa tumbo moja wanavyoishi na wenzao. Mjini nilikipata kwa 15,000.

Kilichoniteka ni kwamba hakiwadanganyi watoto. Vitabu vingi utakuta kila mnyama anampenda mdogo wake basi imeisha, sasa humu kuna fisi, mapacha wa fisi wanazaliwa macho yako wazi na meno yameshaota na wanaanza kung'atana hapo hapo kugombea ukubwa, aisee tulipofika ukurasa huo kila mtoto akawa na kesi ya nyumbani, huyu kanyang'anywa chapati, yule kaka yake hamwachii rimoti, mpaka wale wapole ambao tangu Januari hawafungui mdomo wakaongea. Nikasema haya, andikeni hiyo kesi, sentensi moja tu. Waliandika bila kusukumwa!

Afu kuna mbwa mwitu, wakubwa wakitoka kuwinda wanarudi kuwatapikia wadogo zao nyama, watoto walipiga kelele kweli ila hakuna aliyesahau. Tembo pia yupo, dada mtu anakaa karibu na ndama kama yaya.

Hesabu nazo zimo. Yule armadilo wa Marekani, mnyama mdogo mwenye gamba gumu mgongoni, anazaa mapacha wanne wanaofanana kabisa, tukaanzia hapo, kila mtoto akachukua vizibo vya soda kulingana na idadi ya ndugu zake tukavipanga mistari sakafuni, mstari upi mrefu, upi mfupi, umezidi kwa ngapi, vifungua mimba simameni, vitinda mimba kaeni. Hapo mwalimu uwe makini jamani, darasani kuna mtoto analelewa na bibi, kuna aliyefiwa na ndugu yake, na kuna aliye peke yake, usimwache anakodoa macho kwenye vizibo vya wenzake. Mimi huwa nasoma ukurasa wa simba kwanza, maana watoto wa simba wa mama tofauti wanalelewa pamoja kwenye kundi na wananyonya hata kwa mama mwingine, kwa hiyo na sisi mtoto wa shangazi mnayelala naye chumba kimoja anahesabiwa. Ukifanya hivyo hakuna anayebaki bila kizibo.

Kasoro zipo. Kurasa za mwisho maneno yanakuwa marefu ghafla, la kwanza wanakwama, hapo soma wewe wao wafuatishe. Na nakala moja kwa darasa lililojaa haitoshi kabisa, wa nyuma hawaoni picha, angalau kila kundi lipate yake. Kava ni laini mno, lifunike na nailoni siku hiyo hiyo unayonunua.