Mahamri ya Shela na karani wa Makinoni

Mie ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, na vibanda vya chai vya asubuhi navijua karibu vyote. Hiki cha Shela, cha makuti, kisicho na kibao, nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia, nitasema kwa nini.

Mahamri ni shilingi 10. Iliki unaisikia kabla hujakaa, ndani yako wazi, na hayanywi mafuta. Mbaazi zimekolea nazi, tui zito linatiwa mwisho kama inavyotakiwa. Chai ya tangawizi, ya kawaida tu.

Darini pananing'inia kipande cha reli, urefu wa mkono. Mahamri yakitolewa karaini, mwenyewe hukigonga kwa nati kubwa: ngaa, ngaa! Wageni hushtuka. Malindi hatuna reli, hata ya dawa, lakini mzee huyu alikuwa karani wa stesheni ya Mackinnon Road, kati ya Mombasa na Voi, mwenyewe huita Makinoni. Kipande alikipata vipi, sijamuuliza.

Mwamkie, kisha umwambie, "Mzee, leo treni imechelewa?" Basi umemfungulia. Atakwambia reli ilianzia Mombasa 1896, ikaingia nyika ya Taru isiyo na tone la maji, ikabidi maji yenyewe yaletwe kwa treni. Stesheni ikapewa jina la William Mackinnon, yule Mskoti wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki (IBEA), ambaye barabara yake ya kwenda bara ilitangulia reli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza wakajenga pale bohari kubwa la jeshi, wakaliacha. Miaka ya 1950 wakawafungia hapo watu wa Mau Mau. Akifika hapo huwa haongezi neno, hugeuza mahamri.

Kazi yake ndiyo huisimulia kwa raha. Njia ilikuwa moja, upana mita 1, na treni mbili hazipishani ila stesheni. "Dereva asipopata ruhusa yangu haondoki, mwanangu, hata awe amembeba waziri." Usiku anasimama na taa yake, fisi wanalia nyuma ya choo.

Tena kuna kaburi la Seyyid Baghali Shah, pale msikitini kando ya reli, ambapo madereva wa njia kuu husimama kutoa sadaka. Alikuwa mjenzi wa reli, na husemwa karai la zege lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Mzee huonyesha karai lake la mafuta: "Hili langu halijaelea hata siku moja."

Treni ya abiria ya reli ya zamani ilikoma pale 2017. Hii mpya husimama Miasenyi na Voi, Makinoni inapita tu. Hilo usilitaje kama una haraka.

Maana nyota ya tano imepotelea hapo. Juzi nilikuwa na abiria wa kuwahi ndege, nikaagiza ya kufunga, mzee akawa bado yuko Taru anatafuta maji. Dakika 20! Mahamri matatu yakaungua, na akanipa hayo hayo. Pesa ya simu hataki, chenji hana. Mbaazi saa mbili zimekwisha.

Nenda kabla ya saa moja. Benchi la ukutani lina mguu mfupi, kaa lile la mlangoni.