Miezi Mitano na Simsim: Tathmini ya Huduma ya Malezi ya Muda ya Mbwa

Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi nilikaa nyumbani kwangu, Ongata Rongai, na mbwa jike aliyeokotwa kando ya soko, ambaye kituo kimoja cha kuokoa wanyama kilinikabidhi nimlee mpaka atakapokuwa tayari kuasiliwa. Kituo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko ambayo nimekwisha kuwafikishia wahusika, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya mtu anayefikiria kujiandikisha katika mpango wa aina hii na angependa kujua atapewa nini, atadaiwa nini, na mbwa mwenyewe atapitia nini katikati.

Usajili wao ni wa makini, na hilo nalipa alama za juu kabisa. Baada ya kujaza fomu nilitembelewa na mhudumu aliyekagua ua, akapima nafasi iliyo chini ya lango kwa mkono wake, akauliza ni nani anayebaki nyumbani mchana, kisha akanitaka niandike kwamba mbwa hatafungwa mnyororo wala kufungiwa kibandani mchana kutwa ili aachiwe usiku, kama ilivyo desturi katika nyua nyingi za kwetu. Mpangaji aliyenitangulia alikuwa ameacha langoni bango la "Mbwa Kali". Mhudumu aliniomba niling'oe, akieleza kwamba mpita njia akisoma maneno hayo huokota jiwe hata kabla hajamwona mbwa, na mbwa niliyekuwa nikiletewa alikuwa amekwisha kupigwa mawe ya kutosha.

Yalifuata mafunzo ya nusu siku. Jambo la kwanza tulilofundishwa lilikuwa kichaa cha mbwa: kwamba karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na mbwa, kwamba ukiumwa unaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha unakwenda hospitali siku hiyohiyo, na kwamba Kenya ilijiwekea mwaka 2014 lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Mengine yote yalihusu kusoma hofu. Nilikuwa nikidhani kwamba mbwa mwoga hujulikana kwa kufyata mkia tu, kumbe hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, huinua mguu mmoja wa mbele, hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukibaki unakutazama, au huganda kabisa, na kule kuganda ndiko watu wengi hukuita utulivu.

Simsim aliletwa akiwa amekwisha kufungwa kizazi, amepewa dawa ya minyoo na kuchanjwa. Pamoja naye nilipokea kizimba, mkanda wa kifuani, kola, kamba mbili, gunia la chakula la kilo 10 na blanketi alilolilalia kituoni, ambalo walisisitiza nisilifue. Gharama za matibabu ni za kituo. Chakula cha baada ya gunia lile ni cha mlezi, na kwangu kilifika takribani shilingi 4,000 kwa mwezi, ingawa nilichanganya na wali au ugali na omena za kuchemsha, bila kitunguu na bila mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha na kuweza kumtoboa utumbo.

Alipofunguliwa kizimba aliingia nyuma ya cherehani ya marehemu mama yangu, akakaa huko siku mbili pasipo kula mbele ya macho yangu. Usiku wa pili nilimpigia simu mshauri wa kituo nikiwa na wasiwasi mkubwa. Alinijibu kwa maneno ambayo yalinifaa kuliko kitu kingine chochote katika huduma hii: "Mwalimu, usimwite na usimtazame. Ingia, keti chini, umpe ubavu, soma kitu chako kwa sauti, kisha ondoka." Nikawa nasahihisha insha za wanafunzi sakafuni kila jioni, nikizisoma kwa sauti ya kawaida, na omena chache nimezitawanya kwenye kigae umbali wa hatua mbili kutoka nilipo. Siku ya 11 alizifuata nikiwa bado nimeketi. Wiki ya sita alikula kiganjani mwangu, na mkono wangu wa pili nilikuwa nimeuficha mgongoni kama nilivyoelekezwa, kwa sababu mkono unaoinuka juu ya kichwa chake ulikuwa kwake na maana moja tu.

Wahudumu hutumia kipimo cha siku tatu, wiki tatu na miezi mitatu: siku tatu za kupigwa na bumbuazi, wiki tatu za kuzoea utaratibu wa nyumba, miezi mitatu ya kuanza kuamini kwamba hapo ni kwake. Kituo hakikunidanganya kwamba Simsim angefuata kalenda hiyo. Walinieleza kwamba mbwa huzoea binadamu kwa urahisi zaidi akiwa mtoto wa kati ya wiki tatu na wiki 12 hadi 14 hivi, na anayevuka umri huo bila kuguswa kwa wema anaweza kujifunza, lakini hujifunza polepole na hurudi nyuma mara kwa mara. Nilitaka kumkemea aliponingurumia nikisogeza bakuli lake. Wakanizuia, kwa hoja ambayo sasa namweleza kila mtu mwenye mbwa: anayenguruma anakuonya, na ukimfundisha kwamba onyo huleta adhabu, siku nyingine atauma bila kukuonya. Waliponiuliza kama kuna mbwa mtulivu hapo jirani, nilimwomba Mama Njeri atuazime mbwa wake mzee. Katika alasiri tatu Simsim alitoka uani akimfuata yule mzee, jambo ambalo mimi peke yangu nililihangaikia mwezi mzima.

Huduma nyingi huwa nzuri mpaka siku ya dharura, na yangu ilikuja katikati ya Desemba, Simsim alipoacha kula, akalegea na fizi zake zikapauka. Niliwapigia saa tatu za usiku, simu ikapokelewa, na asubuhi daktari wa mifugo alimpima damu akakuta ugonjwa unaoenezwa na kupe. Alipewa dawa ya kuua bakteria, doksisaiklini, ya siku 28, na sikulipa chochote. Usiku wa tarehe 31 Desemba, fataki zilipoanza, nilikuwa nimekwisha kupokea maelekezo mapema: atembezwe kabla ya giza, madirisha yafunikwe kwa mablanketi, redio iwashwe, na aachwe ajifiche anapotaka. Alijificha nyuma ya cherehani. Tofauti na Oktoba, safari hii alitoka mwenyewe kabla ya alfajiri akaja kulala mlangoni pangu.

Sasa niyaseme yaliyonisikitisha. Siku ya makabidhiano niliambiwa kwamba Simsim ni mwoga na anahitaji muda, basi. Wiki ya tatu, mtoto wa jirani alipofungua lango kwa ghafla, alijinyofoa kwenye kola kwa kurudi kinyumenyume, na tulimwahi kwa sababu tu kamba ya pili ilikuwa kwenye mkanda wa kifuani. Niliporipoti, mhudumu alisema kwa masikitiko kwamba hata kwa mlezi aliyenitangulia alitoroka hivyohivyo, akapotea siku nne. Sikuwa nimeambiwa kwamba kulikuwa na mlezi aliyenitangulia. Habari hiyo ilistahili kuwa mstari wa kwanza wa karatasi niliyotia saini, kwa sababu kamba mbili zilitolewa bila kuelezwa sababu yake, na mlezi asiyejua sababu ataitumia moja siku atakayokuwa na haraka. Nadhani waliogopa nitamkataa. Nisingemkataa, ningelifunga lango kwa kufuli.

La pili ni utaratibu wa Jumamosi, ambapo wanaotaka kuasili huletwa nyumbani kwa mlezi kwa makundi. Watu wale wale walionifundisha nisimtazame mbwa machoni waliniletea familia ya watu sita, wenye watoto waliochangamka, wakasimama mlangoni mwa chumba chake wakimwita kwa jina. Alijikojolea pale pale. Ilituchukua wiki mbili kurudi tulipokuwa. Siwalaumu wageni hao, hawakuwa wameelezwa lolote. Lawama ni ya kituo kilichokuwa na maarifa hayo yote na kisiyatumie siku yalipohitajika zaidi.

Katika kumchagulia mtu wa kumwasili, hata hivyo, walifanya kazi nzuri. Bwana mmoja alimtaka kwa ajili ya ulinzi, akaahidi kumjengea kibanda kizuri cha matofali, nao wakamkatalia kwa adabu, wakimweleza kwamba mbwa mwenye hofu akiwekwa kulinda ama atakimbia ama atamuuma asiyestahili kuumwa. Aliyekubaliwa ni mama anayeishi Limuru na mbwa mmoja mtulivu, ambaye alikuja mara tatu peke yake, akaketi sakafuni na kufuma sweta bila kusema neno. Mara ya tatu Simsim alilala na kidevu chake juu ya bonge la uzi. Kipindi cha majaribio kilikuwa wiki mbili, na kituo kiliwapigia wote wawili simu, mama huyo na mimi, kila baada ya siku mbili. Nilimpelekea lile blanketi bila kulifua.

Nyota nne kati ya tano ndizo ninazowapa. Nisingemshauri mtu anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku ajiandikishe kumlea mbwa wa namna hii, wala mwenye nyumba isiyo na chumba kimoja kinachoweza kutulia. Mwingine yeyote aende, na siku ya makabidhiano aulize moja kwa moja: amewahi kutoroka, amewahi kuuma, na kwa nini alitoka mahali alipokuwa. Mwezi uliopita nilijaza fomu kwa mara ya pili. Chini ya saini yangu niliandika kwamba wageni watakuja mmoja mmoja, wakiwa wameelezwa kabla hawajavuka lango, na msimamizi aliandika kando yake kwa kalamu nyekundu kwamba amekubali.