Programu ya Kurekodia Muziki kwenye Linux: Ipi Ilipiwe Kwanza

Mtu anayehamishia studio yake ya chumbani kwenye Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, huuliza kwanza kama programu maarufu za kurekodia muziki, yaani FL Studio, Cubase, Pro Tools au Logic, zitaingia. Hakuna hata moja kati ya hizo nne iliyotengenezewa Linux, na Logic, ambayo zamani ilikuwa na toleo la Windows, sasa inapatikana kwenye vifaa vya Apple pekee. Swali hilo limeongezeka tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa kuwa kompyuta nyingi ambazo Windows 11 inazikataa bado zina nguvu ya kutosha kurekodi wimbo wenye traki, yaani njia za sauti, thelathini.

Katika kuzipanga programu zinazofanya kazi kwenye Linux nimetumia kigezo kimoja kilicho juu ya vingine: wimbo uliorekodiwa leo, je, utafunguka baada ya miaka mitano, kwenye kompyuta nyingine, bila kumwomba mtu ruhusa? Ninao mradi mmoja wa zamani unaofunguka nusu tu, kwa sababu kinanda chake kilitoka kwenye plagini (programu ndogo inayoongezwa ndani ya ile ya kurekodia) ambayo leseni yake ilikufa pamoja na kompyuta niliyokuwa nikiitumia. Sauti za waimbaji zipo zote, ila muziki uliokuwa chini yao haupo.

Nafasi ya kwanza naipa REAPER, inayotolewa na Cockos, kampuni ya Justin Frankel, yule aliyeunda Winamp. Inajaribiwa kwa siku 60 bila kufungiwa chochote. Baada ya hapo leseni ni dola 60 kwa mtu binafsi, au kwa biashara ambayo mapato yake ghafi hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Anayezidi hapo hulipa dola 225. Programu ni ile ile kwa bei zote mbili. Leseni ya toleo la 7 inaendelea kufanya kazi hadi toleo la 8.99, yaani mnunuzi wa leo ana miaka kadhaa mbele yake. Faili la mradi ni maandishi ya kawaida, ambayo mtu anaweza kuyafungua kwa kihariri chochote akaona traki gani ilitumia faili gani la sauti, na hilo ni faraja kubwa siku mambo yanapoharibika. Ikwalaiza, kompresa na vifaa vingine vya kusafishia sauti vimo ndani na vinafanya kazi kwenye Linux kama kwingineko. Kasoro yake ni kwamba ala za muziki zilizomo ni chache mno, kwa hiyo anayetengeneza biti kuanzia mwanzo itambidi atafute sinthesaiza (ala inayotengeneza sauti kielektroniki) na ngoma nje. Anayepokea biti tayari na kurekodi sauti juu yake, kama zinavyofanya studio nyingi ndogo za kwetu, hatapungukiwa na kitu.

Kwa kigezo changu peke yake, Ardour ingekuwa ya kwanza. Kiongozi wake ni Paul Davis, ambaye pia ndiye aliyeanzisha JACK, mfumo unaounganisha sauti kati ya programu moja na nyingine. Msimbo wake ni huria, hivyo hakuna kampuni inayoweza kufunga mlango ukabaki nje na nyimbo zako. Kinachowachanganya wanunuzi ni bei. Nakala iliyo tayari kwenye tovuti yao hulipiwa kiasi anachoweza mtu, kuanzia dola 1, na ile ya kujaribu hunyamaza baada ya dakika kumi. Lakini Debian, Ubuntu na Fedora zinayo katika hazina zao za programu, nayo hiyo hainyamazi wala hailipiwi. Nashauri kuichukua bure kwanza, kisha kuwalipa watengenezaji ukiona inakufaa. Anayerekodi kwaya, bendi au kikundi cha taarabu kwa maikrofoni nane au kumi na sita kwa pamoja aipandishe hadi nafasi ya kwanza, maana hapo ndipo ilipokulia. Nimeishusha hadi ya pili kwa sababu uhariri wa noti za MIDI, yaani noti zinazopigwa kwa kinanda cha kompyuta badala ya kurekodiwa kama sauti, bado unamchosha prodyuza wa biti, na mwanafunzi mgeni hupata mafunzo mengi zaidi ya REAPER kuliko yake.

Ya tatu ni Bitwig Studio, kazi ya kampuni ya Berlin ambayo imekuwa ikiitoa kwa Linux tangu toleo lake la kwanza mwaka 2014. Kwa kutengeneza biti, hakuna iliyo asilia kwenye Linux, yaani iliyotengenezewa Linux yenyewe, inayoifikia: sinthesaiza, sampla (ala inayocheza vipande vya sauti vilivyorekodiwa) na ngoma zimo ndani, na mtindo wa kufanya kazi kwa vipande vya midundo hautamshangaza aliyetoka kwenye programu ya Ableton Live. Bei ya toleo kamili ni dola 399, na yapo matoleo mepesi ya dola 199 na dola 99. Ununuzi unakupa miezi 12 ya masasisho. Baada ya hapo unabaki na toleo ulilofikia, ambalo haliondolewi. Kwa anayeishi kwa kuuza biti, dola 99 za toleo dogo ni matumizi ya busara kuliko 399 alizokopa.

Zinazofuata nazipitia kwa haraka. Mixbus ya Harrison, kampuni ya meza za kuchanganyia sauti iliyoanzishwa mwaka 1975, imejengwa juu ya Ardour na kila traki ina ikwalaiza na kompresa yake; inamfaa anayefanya miksi za wengine. Waveform Free ya Tracktion ni ya bure na haina kikomo cha traki. LMMS nayo ni ya bure, lakini toleo lake la 1.2 halirekodi sauti ya mwimbaji, jambo ambalo wengi huligundua mwimbaji akiwa ameshavaa vipokea sauti.

Mwisho kabisa naiweka njia ya kuendesha programu za Windows kupitia Wine, programu inayoziwezesha kufanya kazi ndani ya Linux. Huenda FL Studio ikafunguka na kucheza vizuri, na yabridge, daraja linalotumia Wine hiyo hiyo, husaidia plagini nyingi za Windows ziingie ndani ya REAPER au Bitwig. Ila zenye kufuli kali la leseni husumbua, na sasisho moja linaweza kuharibu kilichokuwa kikifanya kazi jana. Kwa wimbo wa mteja aliyelipa, sithubutu. Kabla ya kufika huko, jaribu plagini zilizo asilia: Surge XT na Vital kwa sinthesaiza, Pianoteq kwa piano, na Graillon kwa kunyoosha sauti ya mwimbaji, ambayo toleo lake la bure linatosha.

Fedha inayobaki iende kwenye kadi ya sauti, kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta. Chagua inayofuata kanuni ya kawaida ya USB bila kuhitaji dereva (programu ya kukiendesha kifaa) wa pekee, kama Behringer UMC202HD. Focusrite Scarlett nazo zinatumika vizuri, lakini Apollo za Universal Audio ziepuke, kwa kuwa hazina dereva wa Linux. PipeWire, mfumo wa kupitishia sauti ambao sasa huja na Ubuntu na Fedora, inatosha kuanzia. Wakati wa kurekodi weka bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta huchakata kwa mkupuo mmoja, ya sampuli 128 kwa 48,000 Hz, ambayo ni ucheleweshaji wa milisekunde 2.7 kwa kila bafa. Ukianza miksi ipandishe hadi 1024 ili kompyuta ipumue. Unapokwenda kununua kadi, nenda na kompyuta yako. Ichomeke pale pale dukani, uandike arecord -l kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, na jina la kadi lisipotokea, mrudishie muuzaji kabla hujatoa pesa.