Taa za sikukuu na meno ya panya: kinga ipi ununue kwanza

Panya hatafuni waya kwa sababu ya njaa. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima ayanoe, na waya wa taa uliolala kwenye kona ya ukuta, palepale anapopita kila usiku, unamfaa kabisa. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, zunguka nyumba uone waya wako unapita wapi. Sehemu inayoning'inia hewani mbali na matawi haina shida kubwa. Inayoliwa ni ile ya kutoka soketi hadi balbu ya kwanza: inayolala barazani, inayopita nyuma ya vyungu vya maua, inayopenya tundu la ukutani. Pesa ya kinga iende hapo.

Namba 1: taa za volti ndogo, au za sola. Hazimzuii panya, ila zinabadilisha kinachotokea baada ya yeye kutafuna. Adapta inabaki ndani ya nyumba, inashusha volti 230 hadi 24 au 31, na waya unaotoka uani unabeba huo umeme mdogo tu. Ukikatwa, taa zinazimika, na mtoto akiushika hapigwi na umeme wa kuua. Waya wa volti 230 uliovuliwa ganda ni kitu kingine kabisa: unaua, na cheche zake zikikuta makuti au majani makavu ni moto.

Hapa wanunuzi wengi hukosea. Kile kisanduku chenye kitufe cha kubadilisha mitindo ya kuwaka si lazima kiwe adapta. Katika taa nyingi za bei ya chini kinawasha na kuzima tu, na waya unaotoka upande wa pili bado una umeme wa ukutani. Geuza usome kibandiko: penye neno OUTPUT paandikwe 24V au 31V. Kama hapana namba hiyo, au imeandikwa 220–240V, hizo si taa za volti ndogo, hata muuzaji akikuhakikishia vipi.

Za sola zinafaa zaidi kwenye miti. Kindi, mtafunaji mwingine wa waya, hutembea mchana na hupita juu kwenye matawi, kwa hiyo bomba la ukutani la namba 2 hapa chini halimhusu. Ubaya wa taa za sola ni kwamba siku za mawingu ya vuli hazichaji vizuri, na usiku zinazimika mapema.

Namba 2: bomba gumu la PVC la nyaya. Kwa aliye na taa za volti 230 tayari, hiki ndicho cha kununua. Chukua la mm 25 badala ya mm 20. Panya hupata shida kushika ukingo wa mviringo mpana. Libonye kwa kidole gumba: likibonyea, ni jembamba mno, liache. Kwa mita 12 za ukuta, kama duka linauza vipande vya mita 3, nunua vipande 4, viungio 3, kona kadiri ya pembe zako, na vibanio 15 hivi ili kimoja kikae kila sentimita 80.

Bomba linashindwa mdomoni. Panya haanzi kutafuna ubavu laini, anaanza penye ukingo, na mdomo ulioachwa wazi ni ukingo na mlango kwa pamoja. Ziba kwa waya wa kusugulia sufuria usioshika kutu, kisha funika kwa silikoni. Usitumie povu la kuzibia peke yake, analichimba kama mkate. Waya huo wa kusugulia unapitisha umeme, kwa hiyo ganda la kebo hapo liwe zima, lisilo na mchubuko. Elekeza mdomo wa nje chini, na toboa tundu la mm 3 sehemu ya chini kabisa maji yatoke.

Plagi ya pini tatu haipiti bombani. Itabidi ikatwe na kufungwa upya, na hiyo ni kazi ya fundi umeme. Lile bomba laini lenye mikunjo liache kabisa: linakunjika vizuri, na linatafunika vizuri vilevile.

Namba 3: kebo yenye deraya, yaani tabaka la nyaya za chuma chini ya ganda la nje. Kwa kinga tupu ingekuwa ya kwanza. Panya atakula ganda la nje, atafika kwenye chuma, ataacha. Lakini ni ghali, ni nzito, na ile deraya lazima iunganishwe na waya wa ardhi, la sivyo siku ya hitilafu chuma chote kina umeme. Inafaa kwa taa za geti au bustani zinazobaki mwaka mzima: nyuzi 2 za mm² 1.5, zikafukiwa sentimita 50 hivi.

Namba 4: wavu wa chuma wa matundu ya mm 6. Madukani huulizwa kwa jina la kofitrei, lakini pima tundu kwa rula kabla ya kulipa. Penseli ikipita, panya mdogo naye anapita. Wavu wa kuku haufai. Tumia wavu kuziba matundu ya ukutani na chini ya paa.

Namba 5: dawa ya kupuliza ya pilipili. Inawasha kweli, ila mvua ya Desemba inaiosha. Ni ya kusaidia kinga nyingine, chini ya kibaraza.

Usinunue: vifaa vya mlio wa kufukuza panya. Mlio huo haupenyi ukuta, nje unapotea hewani, na panya huuzoea. Mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuhusu madai yao.

Chochote utakachochagua, kama taa zako zina plagi yenye fyuzi, badilisha fyuzi hiyo kutoka 13A hadi 3A. Taa hizi hazihitaji zaidi. Na soketi ya nje iwe na kinga ya mvujo ya 30 mA, yaani swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja, kwa sababu fyuzi haimwokoi mtu aliyeshika waya.

Kisha kuna stoo. Taa hukaa nje wiki 4 na stoo wiki 48. Zichomoe, uzipitishe kwenye kitambaa kikavu mkononi, sentimita 30 kwa mara. Alama ya panya ni mifereji miwili midogo iliyolala sambamba, na mara nyingi shaba inang'aa katikati. Waya wa volti 230 wenye alama hiyo usiuzungushie tepu, utupe. Ulio salama uzungushie kwenye kadibodi, uweke ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20 iliyosafishwa, mfuniko ukibana. Usitumie ndoo iliyokuwa na mafuta ya kupikia, harufu yake itamwita panya.